Mzee Akiungua: Mwongozo Kamili wa Kumuuguza, Kuanzia Jeraha Hadi Tumbo

Chukua mzee wa miaka 75 aliyeungua asilimia 20 ya mwili, na kijana wa miaka 25 aliyeungua asilimia 70. Kwa hesabu ya daktari Mfaransa Serge Baux, ya mwaka 1961, hatari yao ya kufa inalingana: jumlisha umri na asilimia iliyoungua, kila mmoja anapata 95. Kama moshi umeingia kwenye mapafu, madaktari wa siku hizi huongeza 17 juu yake. Ndiyo maana tunaumia tukisikia nyumbani wakisema, "Si kitu, bibi kamwagikiwa na uji tu." Kwa bibi, uji tu ni jambo kubwa.

Ngozi ya mzee ni nyembamba, na ngozi ya juu imeshikana kwa ulegevu na ya ndani. Damu inayopita hapo ni kidogo. Uji uleule ambao ungemwachia kijana malengelenge ya kupona ndani ya wiki 2, kwa mzee unaweza kuchoma mpaka chini kabisa. Mwenye kisukari huenda hata asisikie miguu yake ikiungua kwenye beseni la maji moto.

Hayo watu wengi wanayaona. Wasiloliona ni utumbo. Mwili ukiungua vibaya, damu huvutwa kwenda kwenye moyo na ubongo, na utumbo unabaki na njaa ya damu. Ukuta wake, ambao kwa kawaida hujijenga upya kila baada ya siku chache, unaanza kuvuja, na bakteria pamoja na sumu zake hupenya kwenda kwenye damu. Mwaka 1842 daktari mpasuaji Mwingereza Thomas Curling alieleza vidonda vya mwanzo wa utumbo kwa watu walioungua, na hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Karibuni zaidi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago, walionyesha kwa panya kwamba baada ya kuungua, bakteria wa jamii ya E. koli huongezeka ndani ya utumbo huku ukuta ukilegea.

Kwa mzee utumbo huo tayari ulikuwa na mzigo. Chakula kinapita polepole, bakteria wazuri wamepungua aina, kiu haisikiki vizuri, meno yamebaki machache, na pengine kuna dawa tano za kila siku. Kwa hiyo unapomuuguza mzee aliyeungua, una kazi mbili: kidonda na tumbo. Bandeji inabadilishwa kwa makini sana, lakini ni nadra mtu kuuliza mzee alipata choo lini.

Dakika 20 za mwanzo

Mtoe kwenye moto. Mwagia sehemu iliyoungua maji ya bomba ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20 kamili ukitazama saa. Kama hukuweza papo hapo, bado maji yanasaidia ndani ya saa 3. Usitumie barafu. Wakati huohuo mfunike blanketi sehemu zisizoungua, kwa sababu mzee hupoteza joto haraka na baridi ya mwili mzima ni hatari nyingine. Kanuni ni hii: poza jeraha, mpashe joto mtu. Akianza kutetemeka, simamisha maji.

Vua pete, bangili, saa na shanga za kiunoni kabla uvimbe haujaanza. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiivute, kata kuizunguka. Dawa ya meno, ute wa yai, unga, majivu na majani yaliyotwangwa havipakwi. Vinashikilia joto, vinaleta vijidudu, na daktari atalazimika kuvikwangua juu ya nyama mbichi ndipo aone kina cha jeraha. Funika kwa nailoni safi ya kufungia chakula, uilaze juu bila kuizungusha, au kwa kanga safi iliyofuliwa na kupigwa pasi.

Pima ukubwa kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole vyake: hicho ni takriban asilimia 1 ya mwili. Usihesabu wekundu usio na malengelenge. Kwa aliyevuka miaka 60, ushauri wetu ni kwamba jeraha lolote lenye malengelenge linalozidi kiganja kimoja lionwe hospitali siku hiyohiyo. La uso, mikono, nyayo, sehemu za siri au kwenye kiungo, la umeme, la kemikali, jeraha jeupe au lililokauka kama ngozi ya kiatu lisilouma, pamoja na moto wa ndani ya chumba chenye moshi, haya yote ni ya hospitali hata yakiwa madogo. Ukifika, ulizia pia chanjo ya pepopunda. Wanawake wengi waliipata kliniki ya wajawazito, lakini wanaume wazee wengi hawajawahi kuchanjwa kabisa.

Kama jeraha linazidi asilimia 15, mgonjwa anahitaji dripu. Njiani mpe mafunda madogo ya maji ya chumvi na sukari (ORS) ikiwa ana fahamu na hatapiki. Usimpe lita za maji matupu, yatashusha chumvi ya damu na kumchanganya akili.

Tumbo lisikae tupu

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Ukuta wa utumbo hujilisha kwa kiasi kikubwa kutokana na chakula kinachopita juu yake. Dripu ya sukari haifanyi kazi hiyo. Kwa majeraha makubwa, miongozo ya kitaalamu ya Ulaya inataka ulishaji uanze ndani ya saa 12 tangu kuungua, kwa mdomo au kwa mpira wa puani. Usisubiri mzee "apate hamu ya kula". Hamu ni kitu cha mwisho kurudi.

Kama anameza vizuri, mkalishe wima, akae hivyo nusu saa baada ya kula, na apewe kidogo kidogo mara 6 kwa siku. Kama ana meno bandia, hakikisha yamekuja naye hospitali. Yanasahaulika nyumbani kwenye kikombe, kisha mzee anaandikwa kuwa "amekataa chakula".

Kama ana mpira wa puani, muuguzi ndiye anayehakikisha umekaa tumboni, si wewe. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45. Chakula kiwe chembamba na kichujwe kwa chujio la chai, maana punje moja ya karanga inatosha kuziba. Mimina kwenye bomba la sindano lililotolewa mpini, liinue juu, kiteremke chenyewe, mililita 200 hadi 250 kwa dakika 15 hadi 20. Usisukume. Kabla na baada pitisha maji mililita 30. Uji uliokaa nje zaidi ya saa 2 umwage.

Mzee aliyekuwa amekonda tangu mwanzo, au aliyekaa siku kadhaa bila kula, aanze na nusu ya kiwango kwa siku 2 hadi 3 huku chumvi za damu zikipimwa. Kumjaza ghafla kunaweza kuangusha fosforasi na potasiamu, na moyo ukapata shida.

Kuna jambo jingine la wodini. Mgonjwa wa kuoshwa kidonda chumba cha upasuaji huambiwa asile tangu usiku, zamu inasogezwa hadi mchana, kisha inaahirishwa, na kesho yake inakuwa vilevile. Kwa wiki anaweza kukosa milo mingi kuliko aliyokula. Kwa kawaida chakula kizito husimamishwa saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, na maji au chai ya rangi saa 2. Muulize muuguzi kwa adabu saa hasa aliyopangiwa mzee wako, na ikiahirishwa omba ruhusa ya kumlisha papo hapo.

Hesabu ya sahani

Kidonda kinavujisha protini, na mwili unakula misuli ili kuziba. Mtu mzima aliyeungua anahitaji gramu 1.5 hadi 2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Misuli ya mzee ni migumu kuamka: gramu 10 kwa mlo haziigusi, inataka kama gramu 25 kwa pamoja. Kwa hiyo milo mikuu iwe mizito ya protini, na ya katikati ijazie.

Tumchukue bibi wa kilo 55 aliyeungua paja kwa chai, asilimia 6. Anahitaji angalau gramu 82 za protini, na nguvu ya kilokalori 1,650 hadi 1,925. Siku yake inaweza kuwa hivi:

Asubuhi, uji wa ulezi uliopikwa kwa kikombe kimoja cha maziwa na vijiko 2 vya chakula vya karanga zilizosagwa laini, na yai moja la kuchemsha (gramu 21). Saa 4, kikombe cha mtindi na ndizi mbivu (8). Mchana, ugali laini au wali, samaki gramu 100 na nusu kikombe cha kunde (29). Saa 10 jioni, yai na papai (6). Usiku, viazi vitamu, kikombe cha maharage yaliyoiva sana na vijiko 2 vya dagaa wakavu waliosagwa unga, wakachanganywa kwenye mchuzi (24). Kabla ya kulala, kikombe cha maziwa ya moto (8). Jumla ni 96. Tumezidisha makusudi, kwa sababu mzee hamalizi kila sahani. Akiacha sehemu moja kati ya saba, bado yuko kwenye 82.

Kinachoharibu mpango huu ni supu. Familia inapika supu ya kuku, mzee anakunywa maji yake, nyama inabaki kwenye sufuria kwa wageni. Maji ya supu yana chumvi na ladha, protini ni kidogo sana. Chambua nyama, ikate ndogo au isage, irudishe mlemle. Hali kadhalika uji wa mahindi mtupu: unashibisha, haujengi.

Mwenye ugonjwa wa figo au ini asiongezewe protini bila daktari kusema kiasi. Mwenye kisukari asipunguziwe chakula ili sukari ishuke. Sukari hupanda kwa sababu ya jeraha lenyewe, na dawa ndiyo hurekebishwa.

Vitamini C, zinki na shaba hutoka pamoja na majimaji ya kidonda. Mapera, maembe, machungwa na ubuyu hurudisha C. Dagaa, nyama na kunde huleta zinki. Hospitali inaweza kuongeza vidonge kwa majeraha makubwa. Poda za glutamini (kijenzi kimojawapo cha protini), ambazo zilisifiwa miaka mingi kuwa zinatengeneza utumbo, zilipimwa kwa wagonjwa wapatao 1,200 walioungua vibaya, matokeo yakatolewa mwaka 2022: hazikuwaharakisha kutoka hospitali. Fedha hiyo nunua mayai.

Mtindi, maziwa mgando au mala ni rafiki wa utumbo, mradi maziwa yalichemshwa kwanza. Maziwa mabichi yana hatari ya homa ya kutupa mimba na kifua kikuu. Vidonge vya bakteria hai usimpe mgonjwa mahututi kwa uamuzi wako, wakati ukuta wa utumbo unavuja hata bakteria mzuri anaweza kuingia pasipo pake.

Choo: daftari la kila siku

Nunua daftari. Kila siku andika alichokunywa, alichokula, mkojo una rangi gani, na choo: kipo au hakipo, kigumu, laini au maji. Lengo ni choo laini angalau kila baada ya siku 2. Siku ya 3 ikipita bila choo, usingoje ya 5.

Sababu kubwa ya kufunga choo ni dawa kali za maumivu, mofini, kodeini na tramadoli. Zinalaza utumbo, na mwili hauzizoei upande huo. Kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na dawa ya maumivu. Muulize daktari kuhusu laktulosi, kwa kawaida mililita 15 mara 2 kwa siku, au sena au bisakodili usiku. Usimnyime dawa ya maumivu kwa kuogopa choo. Mzee mwenye maumivu hali chakula na hatembei, na hapo tumbo linalala zaidi.

Maji ni mililita 30 kwa kila kilo: bibi wetu anahitaji kama lita 1.65, yaani glasi 8 za mililita 200, na zaidi bandeji zikiwa zinalowa. Usimwulize kama ana kiu, mpe glasi kila baada ya saa 2. Mwenye moyo uliochoka apangiwe kiasi na daktari. Nyuzinyuzi (papai, bamia, mlenda, matembele, kunde) ziongezwe polepole pamoja na maji. Bila maji zinakuwa donge.

Kisha kuna mtego mmoja. Mzee hajapata choo siku 6, ghafla anaanza kuharisha maji kidogo kidogo, yanachafua shuka bila yeye kujua. Nyumbani wanakimbilia dawa ya kufunga tumbo. Kumbe ndani kuna kinyesi kigumu kama jiwe, na maji yanapita pembeni yake. Dawa hiyo itaziba kabisa. Muuguzi akipima kwa kidole atajua dakika hiyohiyo, na tiba ni kutoa donge.

Kuharisha kwa kweli, mara 3 au zaidi kwa siku, mara nyingi hufuata antibayotiki. Mpe ORS baada ya kila choo, na kama hakuna pakiti, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Endelea kumlisha. Kukiwa na homa, damu au maumivu ya tumbo, arudi hospitali, kwa sababu antibayotiki huweza kuacha nafasi kwa bakteria mbaya wa utumbo mpana.

Dawa za dukani zinazochimba tumbo

Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kama karanga. Kwa mzee aliyeungua, ambaye tumbo na figo tayari vimekosa damu, zinaweza kutoboa tumbo na kuzima figo. Tumia parasetamoli kwa kiwango kilichoandikwa, na asiyefikia kilo 50 apunguziwe. Antibayotiki za "kukausha kidonda" hazikaushi chochote. Zinaua bakteria wazuri na kuwaacha walio sugu. Antibayotiki ni ya maambukizi yaliyothibitishwa na daktari. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ina kazi yake kwa majeraha makubwa, lakini mara mzee anapokula vizuri, muulize daktari lini iachwe, maana asidi ya tumbo ni mlinzi.

Kidonda na mwili

Kidonda kidogo kilichoruhusiwa nyumbani: parasetamoli dakika 40 kabla ya kubadilisha bandeji, maji safi ya uvuguvugu, bandeji isiyoganda, ngozi ya mzee isibandikwe plasta moja kwa moja kwa sababu inachunika. Kwa mtu mwenye afya jeraha la juu juu hufunga ndani ya wiki 2. Mzee mpe wiki 3. Zikipita bila kufunga, apelekwe kwa daktari wa upasuaji kuangaliwa kama anahitaji kupandikizwa ngozi, katika hospitali ya rufaa kama Muhimbili au Kenyatta.

Siku ya kwanza anayoruhusiwa kusimama, asimame. Kutembea hatua 20 hadi mlangoni mara 4 kwa siku kunalinda misuli, mapafu, na kunaamsha utumbo kuliko dawa nyingi. Goti au kiwiko kilichoungua kinyooshwe kila baada ya saa chache hata kama kinauma kidogo. Mto chini ya goti ni raha ya leo na ulemavu wa baadaye.

Dalili za kumkimbiza hospitali

Mzee anaweza kuwa na maambukizi kwenye damu bila homa. Jotoridi chini ya 36 ni hatari sawa na juu ya 38. Angalia mambo haya: anaanza kuweweseka au kulala mno, watu wakasema ni uzee. Aliyekuwa anakula vizuri jana, leo anafumba mdomo. Tumbo limevimba kama ngoma na halitoi hewa. Anapumua zaidi ya mara 22 kwa dakika. Choo cheusi kama lami chenye harufu kali, au matapishi kama unga wa kahawa, ambavyo ni damu ya tumbo. Mkojo mchache na wa rangi ya chai. Kidonda kilichokuwa chekundu kinageuka kijani, cheusi, au wekundu unatambaa kwenye ngozi isiyoungua. Dalili moja inatosha kuondoka nyumbani usiku huohuo.

Kidonda kikishafunga

Mwili haujamaliza. Baada ya jeraha kubwa, moto wa ndani unaokula misuli unaweza kuendelea kwa mwaka na zaidi, kwa hiyo sahani ya protini isirudi kuwa uji na chai. Paka vaselini mara 3 kwa siku, kwa sababu ngozi mpya imekosa mafuta yake na itawasha. Kovu lifunikwe juani. Mpime uzito kila Jumamosi asubuhi, kwa mizani ileile, baada ya choo na kabla ya uji, na uandike kwenye lile daftari. Akipungua kilo 2 ndani ya mwezi bila kukusudia, mrudishe kliniki na daftari mkononi.